Mashine Namba Tisa

Kidahwe
18 Februari 2024

Kaka Nassib,

Shikamoo. Assalaam aleikum wewe, wifi yangu na wote hapo Ujiji. Mgongo unaendeleaje? Bado unainamia injini za mitumbwi ya watu mpaka magharibi? Mimi mzima, koo tu limekauka kwa vumbi la chaki. Shadia wako hapa kwangu mzima kabisa, amenenepa, sketi ya Januari imeanza kumbana.

Najua utacheka, simu ipo na mimi naandika barua. Lakini sheria ya marehemu baba unaijua: jambo la mtoto linaandikwa, lisije likageuzwa njiani. Konda wa basi la Kasulu ameniahidi kukufikishia mpaka karakana.

Kaka, tumeletewa kompyuta! Thelathini na moja, za mtumba lakini zinawaka zote, na wanafunzi wangu wa kidato cha pili ni thelathini na mmoja. Kama zimehesabiwa! Mkuu wetu, Mwalimu Theophil, kanikabidhi ufunguo mbele ya wazazi, maana mimi ndiye niliyepelekwa mafunzo. Usiniulize nilivyoringa siku hiyo.

Siku ya wageni wa halmashauri nilikumbuka asubuhi kwamba mashine hazina namba. Nikachukua rangi yangu ya kucha, ile nyekundu aliyonipa wifi sikukuu iliyopita, nikaandika haraka haraka juu ya kila kibodi, moja mpaka thelathini na moja. Kila mtoto ana mashine yake mpaka mwaka uishe, hakuna kuhamahama. Nimewaambia pia, akija mtu kusema kitufe kimekufa, swali langu la kwanza ni nani kakiua, na mzazi wake anaitwa siku hiyo hiyo. Wamenyooka!

Shadia yuko namba tisa. Nimemwambia wazi, humu ndani mimi siyo shangazi yako, mimi Madam Kudra, na mambo ya humu hayazungumzwi nyumbani. Sitaki walimu wenzangu waseme nambeba mtoto wa kaka yangu.

Kila Ijumaa wanafanya jaribio la hisabati. Kompyuta inasahihisha yenyewe na kuniletea asilimia ya kila mtoto. Mwishoni kuna kisanduku cha maoni, wanaandika wanachotaka, wajizoeze kuchapa. Mimi niliyekuwa napanda na furushi la madaftari mpaka nyumbani, sasa Ijumaa jioni nakunywa chai kama bibi harusi. Na hakuna kupendeleana tena, kompyuta haina shangazi!

Mdogo wako,
Kudra


Ujiji
3 Machi 2024

Mdogo wangu Kudra,

Waaleikum salaam. Marahaba. Sisi wazima, mgongo ni ule ule. Wifi yako anakusalimu, anasema kumbe rangi yake imepata kazi kubwa kuliko kucha.

Barua yako nimeisoma karakana, nikamsomea na kila aliyeleta injini. Yule mzee wa Kibirizi mwenye mtumbwi wa bluu kaisikia mara mbili, hana hamu nayo tena. Mimi niliishia darasa la saba, mwanangu anapigia hesabu kwenye kompyuta. Wacha wachoke kusikia.

Konda anakuletea dumu la mawese na samaki, migebuka mikavu, kwa ajili ya mfungo. Mwambie Shadia asiniletee aibu kwa shangazi yake.

Kaka yako,
Nassib


Kidahwe
26 Mei 2024

Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta salama. Sisi afya ipo, lakini moyo wangu hauko sawa, na afadhali nikwambie mimi kuliko uambiwe na watu.

Ni Shadia. Jaribio la kwanza kompyuta ilimpa arobaini na moja. La pili thelathini na nane. La tatu arobaini na nne. Nikajiambia anaogopa mashine, atazoea. Tumefanya majaribio kumi na moja, hajawahi kufika hamsini. Wenzake waliokuwa nyuma yake wamempita wote.

Sasa sikiliza linaloniuma. Kwenye daftari anapata themanini na tano, tisini! Mtoto huyo huyo, hesabu zile zile. Kwenye daftari anakaa na Esther, binti wa muuguzi, kichwa kweli kweli. Kwenye kompyuta kila mtu na kioo chake, hakuna pa kuchungulia. Wewe ungefikiri nini?

Ijumaa nilimsimamisha mbele ya darasa. Nikamwambia, Shadia, unaangalizia kwa Esther. Nikamuuliza mara tatu. Hakujibu hata moja. Kaka, angekuwa hana kosa si angejitetea? Alisimama tu ananitazama viatu. Nikamnyang'anya daftari, nikaandika kwenye jalada kwa wino mwekundu, ANAANGALIZIA, nikalifungia kabatini. Darasa zima limeona. Ilibidi, kaka. Angekuwa mtoto wa mwingine ningefanya hivyo hivyo, tena kwa kuwa ni wetu ndiyo ilibidi zaidi.

Ijumaa hii tunafunga shule, anakuja nyumbani. Nakushauri kama dada: mtoto huyu shule ya vitabu imemshinda. Kuna mafunzo ya ushonaji pale mjini, mkono wake mwepesi, anaweza kufika mbali. Usimpige tu.

Mdogo wako,
Kudra


Ujiji
16 Juni 2024

Mdogo wangu Kudra,

Nakusalimu. Sisi hatujambo, Idi tunaila leo lakini nyumba imepoa.

Shadia alifika. Sikumpiga. Ila nilimkalipia, nilimkalipia vibaya, mpaka mama yake akatoka nje. Nikamwambia, mtu anaweza kukuonea, namba hazina sababu ya kukuonea. Nilimuuliza kwa nini ulifanya vile. Akanijibu, "Muulize Mwalimu Kudra." Nikamwambia, ni shangazi yako huyo. Akasema, "Nimemsikia akisema siyo."

Sikuelewa, nikaona ni kiburi.

Kwa sasa anakwenda Kibirizi na mama yake mdogo, wanaanika dagaa. Nitaulizia hayo mambo ya ushonaji shule zikifunguliwa. Wewe ndiye unayejua mambo ya shule. Nimekuamini.

Kaka yako,
Nassib


Kidahwe
28 Julai 2024

Kaka Nassib,

Shikamoo. Habari za huko? Wifi hajambo? Ziwa limetulia? Huku kavu, vumbi la barabara ya Kasulu limejaa mpaka kwenye sufuria.

Sina mengi. Nilitaka kujua Shadia anaendeleaje. Je, anashika kitabu? Nimemtumia kanga na sabuni, na kalamu mbili, mpe. Kuhusu ule ushonaji, usimwandikishe kwanza. Subiri. Nitakwambia.

Na je, amewahi kusema lolote kuhusu mashine yake? Nauliza tu.

Mdogo wako,
Kudra


Ujiji
11 Agosti 2024

Kudra,

Marahaba. Tumo wazima.

Mbona barua yako haina kichwa wala miguu? Mwezi wa tano ulisema mpeleke, mwezi wa saba unasema nisimpeleke. Unamtumia kanga mtoto uliyeniambia ni mwongo. Kanga ameitazama, akaikunja, akampa mama yake. Kalamu amechukua.

Nikuambie nilichokiona. Jumatano nilikwenda Kibirizi kutazama injini. Nikamkuta mwanangu amezungukwa na akina mama wa dagaa. Ndoo zinapita, huyu anataja zake, yule anataja zake, na Shadia anajumlisha kichwani, anagawanya, anawapa majibu kabla yule kijana wa ghalani hajamaliza kubonyeza simu yake. Nilisimama karibu saa nzima. Hakukosea hata mara moja. Wanamwita Karani.

Nimerudi karakana kazi hainiendi. Najiuliza, mtoto anayeangalizia, pale Kibirizi anaangalizia kwa nani?

Sheria ya baba unaijua. Niandikie yote.

Kaka yako,
Nassib


Kidahwe
25 Agosti 2024

Kaka yangu,

Shikamoo. Leo sitauliza habari za ziwa.

Nimeianza barua hii mara nne, nimechana zote. Nakuandikia yote kama ulivyosema, na ukimaliza kusoma unitukane, nina haki ya kutukanwa.

Shule zilipofunguliwa mwezi wa saba tulipokea mwanafunzi mgeni kutoka Kasulu, anaitwa Clinton, mdomo haufungi. Kiti kilichokuwa wazi ni cha Shadia, nikamkalisha namba tisa. Ijumaa yake ya kwanza, hata dakika mbili hazijaisha, kapaza sauti chumba kizima: "Madam! Hii moja haiingii!" Nikamwambia tulia wewe, bonyeza vizuri. Akasema, "Njoo ubonyeze mwenyewe basi." Nikaenda. Nikabonyeza. Haikuingia.

Kaka, kitufe cha moja kwenye mashine ya Shadia kilikuwa kimekufa, na kibodi zetu hazina namba za pembeni, ni hicho hicho tu. Jibu likiwa kumi na tano, inatoka tano. Likiwa thelathini na moja, inatoka tatu. Mia moja na kumi inatoka sifuri. Alikuwa anapata, kompyuta inamnyang'anya. Mimi nilikuwa naletewa asilimia, nami nilitazama asilimia. Majibu yenyewe sikuwahi kuyafungua, Ijumaa kumi na moja. Nilikuwa nakunywa chai.

Bado hujasikia baya lenyewe. Tulikibandua kile kitufe kwa ncha ya kisu. Chini yake palikuwa pekundu. Ni rangi yangu ya kucha. Ile asubuhi ya wageni, nilipokuwa naandika namba tisa kwa haraka, tone lilidondoka, likaingia, likagandisha. Nani kakiua? Swali langu lile. Ni mimi.

Clinton kasema dakika ya pili, kwa kuwa hakuwepo siku nilipotisha watu na kuita wazazi. Wangu alikuwepo. Tena wangu nilikuwa nimeshamwambia mimi siyo shangazi yake. Angemwambia nani?

Nilijua haya tangu Julai kumi na tisa. Ile barua ya kanga niliiandika nikijua. Nilitaka kwanza nisikie kwamba hajambo, labda amesahau, labda mambo yatajinyoosha bila mimi kusema. Nilimwonea mtoto mara moja kwa ujinga, halafu nikamwonea wiki tano kwa woga. Hii ya pili haina kisingizio.

Sijamwambia Mkuu. Sijawaambia wanafunzi. Nimeona nikuambie wewe kwanza.

Mdogo wako,
Kudra


Ujiji
1 Septemba 2024

Mwalimu Kudra,

Salamu zako zimefika. Sisi wazima.

Mimi sina cheti. Lakini mtu akiniletea injini iliyogoma, sisemi injini imekufa. Nafungua plagi kwanza. Naipangusa, naitazama kwenye mwanga. Injini ya mtu nisiyemjua naifungulia plagi. Wewe mtoto wa kaka yako ulimfungulia nini?

Na mimi simo nje ya hili. Nilimwambia namba hazina sababu ya kumwonea. Nilimkalipia mtoto aliyeonewa mpaka mama yake hakuweza kusikiliza. Hilo ni langu, nalibeba mwenyewe, silitupi kwako. Yako beba wewe.

Barua yako nimemsomea yote, neno kwa neno, mama yake yupo. Hakulia. Aliuliza jambo moja tu: "Je, alifungua kile kisanduku cha maoni?"

Mimi sijui ni kisanduku gani. Wewe unajua. Kafungue.

Baba Shadia


Kidahwe
8 Septemba 2024

Kaka,

Nimefungua.

Konda aliniletea barua yako Jumanne saa nne, nikaacha kipindi, nikaenda chumba cha kompyuta, nikatafuta maoni ya mashine namba tisa. Nimeyanakili hapa, uyasome kama nilivyoyasoma mimi.

Ijumaa ya kwanza: "Madam, moja haitoki kwenye mashine yangu. Si mimi niliyeiharibu. Tafadhali usimwite baba, ana kazi."

Ya pili: "Madam, bado. Swali la pili jibu langu ni kumi na tano. La nne ni mia moja na kumi. La saba ni thelathini na moja."

Ya tatu, orodha. Ya nne, orodha. Kila Ijumaa, kaka. Kila jibu lililoliwa na mashine amelirudia pale chini kwa maneno, maana tarakimu yenyewe haikuwepo. Kumi na mbili. Mia mbili na kumi na moja. Alikuwa anafanya jaribio mara mbili, mara ya pili kwa herufi. Nilikaa nikayasahihisha kwa kalamu, yote kumi na moja. Themanini na nne. Tisini. Themanini na saba. Hakuna chini ya themanini.

Nilikaa naye nyumba moja, kaka. Tulikuwa tunakula sahani moja, Ijumaa jioni ananipakulia ugali, na ndani ya ile mashine ameniandikia. Kumbe alikuwa ananitii! Nilimwambia nje ya chumba kile mambo ya darasani hayazungumzwi, akayaweka mahali pekee palipobaki.

La mwisho ni la ile Ijumaa ya mwezi wa tano. Jaribio lilikuwa asubuhi, nilimsimamisha saa tano, na mchana aliomba ruhusa ya kurudi kuzima mashine. Kaandika maneno mawili. "Shangazi, sikuangalizia."

Ndipo aliponiita shangazi, mle ndani nilimomkataza.

Jumatano nilimwambia Mwalimu Theophil kila kitu. Ufunguo amechukua, amempa Mwalimu Joanitha, na mimi sikubisha. Alhamisi nilisimama pale pale nilipomsimamisha Shadia. Nikawaambia wanafunzi, Shadia Nassib hakuangalizia, mwongo ni mimi, na rangi iliyoua mashine namba tisa ni ya kwangu. Nikamwomba radhi Esther pia, maana nilimfanya aonekane ameibiwa. Sheria ya kuita wazazi nimeifuta. Kaka, siku ile ile watoto saba walinyoosha mikono. Saba! Huyu kioo kinazima, huyu herufi haziingii. Walikuwa wamenyamaza tangu Februari.

Siombi msamaha leo, sijui nianzie wapi. Naomba jambo moja la mtoto. Jina lake bado liko shuleni kwetu kwa mtihani wa kidato cha pili, mwisho wa Oktoba. Asipofanya, atarudia mwaka mzima kwa kosa la kitufe. Kwangu hana haja ya kulala. Mwalimu Joanitha, yule wa kutoka Bukoba, yuko tayari kumpa chumba.

Namrudishia daftari lake. Lile jalada nimelichana, nimeweka jipya. Nimekaa nalo jana nikalisahihisha upya kwa roho moja, nimempa vema kila mahali, mwanzo mpaka mwisho. Anastahili zote.

Mdogo wako,
Kudra


Ujiji
6 Oktoba 2024

Kudra,

Sisi wazima. Natumaini na wewe.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa namsubiri mwenye jambo aamue. Ameamua. Atakuja kufanya mtihani. Atakaa kwa Mwalimu Joanitha. Baada ya mtihani atahamia shule ya hapa Ujiji, nimeshaongea nao.

Amesema usimfuate. Usimpelekee chakula, usimngoje mlangoni, usimtume mtu. Ukimwona, msalimie kama unavyosalimia wengine. Mimi nimemwambia sawa.

Mama yake alitaka nikuandikie mengine, nimeyaacha. Wewe ni mdogo wangu, sina mwingine. Ila kwa sasa sijui kuongea na wewe, na afadhali nikwambie hivyo.

Nassib


Kidahwe
17 Novemba 2024

Kaka Nassib,

Shikamoo. Naomba mpokee salamu zangu wewe na wifi, hata kama hamtazijibu. Nimesikia mvua imewaharibia watu dagaa huko Kibirizi. Pole zao.

Mtihani umekwisha salama. Nilitii. Siku zote zile nilipita njia ya nyuma ya jiko la shule ili nisikutane naye mlangoni kwa bahati mbaya, akadhani nimemngoja. Nilimwona mara mbili. Mara ya kwanza kwa mbali, bombani, anacheka na Esther. Amerefuka. Mara ya pili tulipishana kwenye kibaraza, nikamwambia habari ya asubuhi, akasema nzuri Madam, shikamoo. Nikasema marahaba. Nilikwenda chooni nikalia, sikufichi.

Siku ya hisabati sikula. Joanitha aliniambia jioni kwamba mtoto alitoka wa kwanza, akakaa chini, na wenzake walipotoka akaanza kuwapigia majibu kwenye mchanga kwa kijiti. Mtihani ule ni wa karatasi na kalamu, kaka, hakuna kitufe.

Alipoondoka kurudi kwenu nilikuta daftari lake juu ya meza yangu, ofisini. Lile nililomrudishia mwezi wa tisa. Nikashtuka, nikajua amelikataa. Ndani palikuwa na karatasi. Nakunakilia:

"Shikamoo Shangazi. Baba alinipa daftari. Ukurasa wa thelathini na mbili, swali la sita, nilijumlisha mahali pa kutoa. Nilikosa kweli. Wewe umeweka vema. Shangazi, hukusoma tena. Shadia."

Kaka, nilikaa. Nikafungua ukurasa wa thelathini na mbili. Ni kweli, amejumlisha. Hata mtoto wa kidato cha kwanza angeliona. Mimi nilipita pale na kalamu yangu nyekundu, majuto yamenijaa kifuani, nagawa vema kama mtu anagawa tende msikitini, na sikusoma. Mara ya kwanza nilimnyima bila kutazama, mara ya pili nikampa bila kutazama. Na yeye kaona ni kitu kimoja.

Basi jana Jumamosi nilifunga mlango nikalisoma. Ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, kila mstari, hata zile hesabu alizozikata kwa rula pembeni. Sikuwa nimewahi kulisoma daftari la mtoto huyu, kaka, nilikuwa natupia jicho tu na kuandika alama. Ana tabia ya kuangalia jibu lake kwa kulirudisha nyuma, halafu anaweka nukta ndogo kama limekubali. Karibu kila swali lina nukta yake. Lile la ukurasa wa thelathini na mbili halina nukta. Alijua tangu siku aliyoliandika.

Makosa yake yote ni manne, siyo moja. Nimeyawekea kosa yote manne, na pembeni nimeandika palipoharibika. Alama nimezihesabu upya. Ni tisini na moja.

Daftari liko kwa konda, limefungwa pamoja na barua hii. Mwambie azitazame hizo hesabu nne, na akiona nimekosea mahali, anirudishie.

Mdogo wako,
Kudra